Gari la Breki Mbili

Watu walimwita Mwalimu Breki, na jina hilo hakuliokota njiani. Kwa miaka thelathini na moja alifundisha udereva kwa gari dogo jeupe lenye breki mbili na klachi mbili, za dereva na zake yeye mwenyewe aliyekaa pembeni. Hakuna mwanafunzi aliyepita kwenye usukani ule bila kuona gari likisimama lenyewe katikati ya barabara huku mzee anatazama mbele kama mtu asiyehusika. "Nani kafunga breki?" mwanafunzi anauliza. "Akili," anajibu Mwalimu. Ukicheka umefeli, na ukinuna umefeli vilevile.

Sasa jicho lake la kulia lilikuwa limekufa, na la kushoto lilikuwa linamfuata mwenzake. Daktari wa kliniki alisema ni presha ya macho, ugonjwa usiopiga hodi. Hauumi wala hauwashi, unakula pembeni taratibu mpaka mtu anabaki anaitazama dunia kama kupitia tundu la bomba. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kilichobaki kingeweza kuokolewa kwa upasuaji, na upasuaji wenyewe aliufanya daktari bingwa mmoja tu, ambaye alifika hospitali kuu mara moja kwa mwaka na kukaa wiki moja. Mwalimu alikuwa amepewa nafasi ya Jumatatu ya wiki hiyo. Malipo yalitakiwa yawe yamefika Ijumaa inayoitangulia, kabla ya saa kumi jioni. Yasipofika, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Karani aliyemweleza hayo alikuwa mpole, hata akamshika mkono kumfikisha mlangoni, lakini upole wake haukubadilisha tarehe.

Msije mkadhani mzee alikaa tu akishika tama. Wanafunzi wake wa zamani walichanga, na mchango wao ukaishia kwenye vipimo na dawa za matone. Binti yake wa pekee, mtandika vitanda katika hoteli ya mji wa mbali, alituma alichokuwa nacho, akabaki anakula kwa kubahatisha. Lililobaki lilikuwa gari. Na madalali wa yadi, watu wasio na haya, walilizunguka mara moja, wakafungua mlango, wakaona zile pedali za ziada, wakaangua kicheko. "Mzee, hili la kukata vipuri," walisema. Walitaja bei ambayo mke wake, mshonaji wa mapazia, alipoisikia alivua miwani na kuivaa tena, kana kwamba kasoro ilikuwa masikioni na dawa yake ni miwani.

Ndipo fundi simu wa pale kona alipotoa wazo la mnada wa mtandaoni. Kibanda chake kilikuwa na meza moja, taa ya shingo ndefu, na kisanduku kilichojaa simu zilizofumuliwa matumbo. Alimkalisha Mwalimu kwenye kiti cha plastiki, akamweleza. Gari linawekwa picha na maelezo. Kwa siku saba anayelitaka anataja dau lake, mwingine analipandisha. Siku ya saba saa sita mchana mlango unafungwa, na mwenye dau la juu analipa ndani ya siku moja. Wanunuzi wanaonekana kwa namba tu, majina yao yanafichwa.

"Sasa ntajuaje nani ni nani?"

"Huna haja ya kujua, Mzee. Wewe ngoja hela."

"Na nikitaka kulisimamisha?"

"Mnada ukishaanza hausimamishwi na muuzaji. Wala huruhusiwi kuliuza pembeni, watakufungia."

Mwalimu hakuipenda hata kidogo habari hiyo. Tangu ujana wake alikuwa hajawahi kupanda chombo chochote kinachokwenda asikae penye breki. Lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni, akakubali.

Kuandika tangazo kulichukua asubuhi nzima, maana mzee alitaka kusema kweli tupu na fundi alitaka kuuza gari.

"Andika klachi imeteswa."

"Mzee wangu, hakuna binadamu anayeandika hivyo."

"Mimi naandika. Imeteswa na wanafunzi zaidi ya elfu mbili. Na mlango wa nyuma unafungika ukiupiga na nyonga."

"Tuseme klachi ilibadilishwa mwaka jana, iko kazini."

"Hiyo nayo ni kweli," Mwalimu akakiri kwa shingo upande. "Lakini mlango uandike. Na nyonga uiandike."

Mlango ukaandikwa, na nyonga ikaandikwa. Picha zilipigwa nane, na katika mbili Mwalimu alionekana pembeni akiwa amesimama wima kama anapigwa picha ya hati ya kusafiria.

Siku mbili za kwanza, Ijumaa na Jumamosi, hapakutokea mtu. Binti alikuwa anapiga simu kila jioni akitoka zamu, swali lake moja: "Limefika ngapi, Baba?" Baba anajibu halijafika popote, gari limekaa uani, kuku wa jirani amelala chini yake. Binti anacheka, lakini kicheko chenyewe kifupi. Alikuwa mtoto anayejua kuhesabu siku.

Jumapili akaja mteja wa miguu miwili, mwenye sura. Alikuwa dereva wa lori, mwanamke wa mabega mapana na viatu vya kazi, aliyekuwa ameliona gari kwenye mnada akaomba kulijaribu. Alifungua mlango, akaziona pedali za upande wa pili, na badala ya kucheka kama madalali alichuchumaa akazibonyeza kwa mkono moja moja.

"Mwalimu, hizi nimezitafuta mwaka mzima," alisema. "Miaka kumi na tisa navuta matrela. Nimechoka kulala barabarani. Nataka nifungue shule, niwafundishe wanawake, wajifunze bila mtu kuwapigia kelele."

"Mimi nilikuwa napiga kelele," Mwalimu alisema.

"Najua. Dada yangu ulimfundisha."

Wakatoka kwenda kulijaribu, mama kwenye usukani, mzee kwenye kiti chake cha siku zote. Yule mwanamke aliendesha vizuri mno. Gia ziliingia bila kelele, na Mwalimu, ambaye kwa kawaida alitoa sifa kama anayetoa damu, alijikuta anasema, "Safi." Walipofika karibu na zahanati gari likasimama kwa nguvu.

"Kuna nini?" aliuliza Mwalimu.

"Mama na mtoto mgongoni. Wamevuka."

"Wametokea wapi?"

"Upande wako, Mwalimu."

Hakuwa amewaona. Mguu wake ulikuwa umelala juu ya ile breki ya pili na haukushtuka. Katika miaka thelathini na moja ilikuwa mara ya kwanza dereva kuona kabla yake. Mwanamke yule alielewa, akatia gia akaendelea, akazungumzia matairi. Nampenda kwa hilo.

Waliporudi alisema fedha yake iko kwenye chama chao cha kuweka na kukopa, itatoka Jumatano, na atapandisha dau mpaka pale mfuko wake utakapogota. Mzee angempa gari siku ileile kama angekuwa na ruhusa. Hakuwa nayo, na mama hakuwa na fedha mkononi, wakaagana kwa kushikana mikono muda mrefu.

Jioni hiyo dau la kwanza likaingia. Mnunuzi Namba Nne, ambaye mzee alijua ni dereva wa lori kwa kuwa mwenyewe alimpigia kumwambia, alianza chini. Jumatatu akatokea Mnunuzi Namba Tisa. Nne akapandisha, Tisa akapandisha. Fundi simu alisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, na wateja waliofuata betri na chaja wakaacha shughuli zao wakasikiliza. Mke wa Mwalimu alianza kupita pale kibandani na mapazia mkononi, eti njia imemleta. Kila usiku ulipoingia walimpa binti matokeo kwenye simu, naye sasa alikuwa anacheka kicheko kirefu.

Jumatano saa kumi na moja jioni Namba Nne alitaja dau lililotosha kulipa hospitali, upasuaji na siku zake za kulala. Mwalimu aliomba asomewe tena. Akasomewa mara tatu. Alipofika nyumbani alimkuta mke wake keshapata habari, anakata kitambaa huku anaimba, na kitambaa kimekwenda upogo.

Binti alipopiga simu wote wawili waliing'ang'ania.

"Limefika, mama!" Mwalimu alisema. Alikuwa akimwita binti yake mama tangu alipozaliwa. "Limefika kabisa. Jumatatu nalazwa."

"Baba, kweli?"

"Kweli tupu. Yule mama wa lori amelifikisha."

Mke wake, mwanamke wa kupenda kuona ng'ambo ya kila furaha, akaingiza mdomo kwenye simu. "Bado dawa za baada ya upasuaji, mwanangu. Matone ya mwaka mzima. Lakini si haba, tutajua huko mbele."

"Usiwe na wasiwasi, mama," binti akasema, na wakaagana.

Asubuhi ya Alhamisi, mzee hajamaliza chai, dereva wa lori akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi.

"Mwalimu, mimi nimefika mwisho. Namba Tisa amenipita jana jioni. Nilichokuwa nacho chote nilikitaja."

"Kakupita kwa kikubwa?"

"Hapana. Kidogo tu. Lakini hicho kidogo sina."

Mwalimu alikwenda kwa fundi bila kofia. Alimwambia anataka kumpa gari yule mama kwa dau lake la jana, basi, yatosha, hahitaji zaidi. Fundi alimwonyesha sheria kwenye kioo cha simu, akakumbuka mzee haoni maandishi yale, akamsomea. Haiwezekani. Namba Tisa ndiye aliyeko juu.

"Kwani unalalamika nini, Mzee? Umepata zaidi."

"Simjui huyo Tisa. Hajaja kuliona gari. Mtu gani ananunua gari bila kulikanyaga klachi?"

Fundi akacheka, akasema siku hizi watu wananunua hata nyumba kwa kidole. Mzee akakaa kwenye kiti cha plastiki, mguu wake wa kulia unabonyeza sakafu. Saa sita mchana simu ikalia kengele ndogo. Mnada umefungwa, mshindi ni Namba Tisa, anasubiriwa kulipa.

Alisubiriwa. Alhamisi alasiri kimya, Alhamisi jioni kimya. Binti naye siku hiyo hakupiga simu. Alituma ujumbe mfupi kwamba zamu imekuwa ndefu, wageni wengi. Ijumaa asubuhi kimya. Mwalimu alikuwa kibandani tangu mlango unafunguliwa, koti lake zuri mwilini na bahasha ya hospitali mapajani, tayari kukimbilia kwa karani fedha ikiingia. Mke wake aliketi kwenye kreti la soda kando yake. Hakuwa na pazia mkononi, na hakusema njia imemleta.

Saa sita ilipogonga, siku ya malipo ikawa imekwisha. Mtandao ukatoa maelezo: mshindi hajalipa, muuzaji anaruhusiwa kuwasiliana naye moja kwa moja, na asipopatikana gari litarudishwa mnadani baada ya wiki mbili.

"Wiki mbili!" mke wa Mwalimu alisema.

"Tulia kwanza," fundi akasema. "Wametoa namba yake ya simu. Mzee, piga nikusomee."

Mwalimu alichukua simu yake ya vitufe, ile aliyoijua kwa vidole. Fundi akaanza kusoma, tarakimu baada ya tarakimu, naye anabonyeza. Walipofika ya sita fundi akameza mate asome inayofuata, na mzee akawa ameshaibonyeza. Akabonyeza ya nane. Akabonyeza ya tisa na ya kumi. Fundi akainua macho kutoka kwenye kioo, akamtazama, akatazama tena kioo, na tarakimu zote zilikuwa sawasawa.

Mwalimu hakubonyeza kitufe cha kupigia. Aliziangalia zile namba asizoziona, kidole gumba hewani.

"Unamfahamu?" fundi aliuliza.

"Dau lake la mwisho aliliweka saa ngapi?"

"Jumatano. Saa moja na dakika kumi na mbili jioni."

Ilikuwa dakika chache baada ya wao kukata simu. Mke wake akashika mdomo kwa mikono miwili. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtoto alikuwa amekaa kwenye chumba chake cha kupanga, simu mkononi, anamsukuma mteja wa baba yake apande ngazi moja moja, na kila mara yule mama alipanda. Alipoambiwa limefika, angeacha. Lakini akasikia matone ya mwaka mzima. Akasukuma mara moja zaidi, kwa ajili ya matone, na yule mama hakupanda tena. Tangu hapo alikuwa amesimama juu peke yake na mfuko mtupu, anaogopa kupokea simu ya nyumbani.

"Mimi ndiye niliyesema habari ya dawa," mke alisema.

"Nyamaza."

"Mimi ndiye."

"Nimesema nyamaza, mke wangu," alisema, lakini kwa upole.

Wakampigia dereva wa lori. Alipokea haraka, na kabla mzee hajamaliza kueleza akasema, "Ole wangu." Asubuhi ileile alikuwa amelipia gari jingine kwenye mnada huohuo, lisilo na pedali za ziada, atatafuta fundi wa kumchomelea. Fedha yote imekwenda.

"Ungenipigia jana jioni tu, Mwalimu. Jana jioni nilikuwa nayo."

"Jana jioni nilikuwa sijui."

"Nililitaka lile. Haki ya Mungu nililitaka."

Kisha alimpigia karani wa hospitali kuomba mpaka Jumatatu asubuhi. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, akamwita baba, akasema nyuma yake wako watu arobaini na wawili na wa kwanza wao keshalipa, yuko pale kwenye benchi. Akamwambia ajaribu mwakani. Daktari wa kliniki alikuwa amesema jicho halina mwaka, na karani hakuwa na makosa ya kutojua hilo. Walipita pia kwa madalali, wakapunguziwa hata ile bei ya kwanza. Saa kumi ikawakuta njiani wanarudi, mke amemshika kiwiko, na gari jeupe liko uani lilipokuwa.

Binti alipiga simu saa kumi na moja kasoro. Mwalimu alimwashiria mke wake asiiguse, akaipokea mwenyewe.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Zamu imeisha?"

"Imeisha." Kulisikika maji yanatiririka huko aliko, kisha yakafungwa. "Baba, yule Namba Tisa... amelipa?"

"Hajalipa."

"Baba, kuna kitu nataka nikwambie. Naomba usi..."

"Ngoja nimalize," alisema Mwalimu, kwa sauti yake ileile ya barabarani. "Tisa alikuwa mtu wa mchezo tu. Wako wengi huko mtandaoni. Fundi amemfuta, na gari amelichukua yule mama wa lori. Amelipa mchana."

Mke wake, aliyekuwa anabandika chai, akageuka.

"Amelichukua?" Sauti ya binti ilipasuka katikati. "Baba, amelichukua kweli?"

"Ametoka nalo sasa hivi. Nyonga ameipiga mwenyewe kwenye mlango wa nyuma."

Binti alilia. Alilia kwa namna ya mtu aliyebeba mzigo siku mbili akautua, na baba yake alimwacha alie, akitikisa kichwa taratibu kana kwamba anaonekana. Alipotulia aliuliza, "Kwa hiyo Jumatatu?"

"Jumatatu."

"Wakikufungua bandeji utanipigia?"

"Nitakupigia. Sasa kale chakula, usiniletee habari za mkate mkavu. Ulikuwa unataka kuniambia nini?"

"Hakuna kitu, Baba," alisema. "Hakuna kitu tena."

Simu ikakatika. Mwalimu aliutafuta ukingo wa meza kwa kiganja ili asiidondoshe, akaiweka. Mke wake alisubiri. Alikuwa na maneno mengi, na kwa desturi yake angeyasema yote, kuanzia nani atampigia mtoto Jumatatu na atasema nini.

"Njoo usimame hapo mlangoni," Mwalimu alisema. "Penye mwanga."

"Nisimame nifanye nini?"

"Usimame tu."

"Miaka thelathini na tano umenioa, leo ndiyo unataka kunichungulia?" alisema, lakini mzaha ukamkwama njiani, akaenda akasimama. Jua la jioni lilikuwa linaingia kwa upande. Mzee alisogeza kichwa huku na huku mpaka akampata kwenye lile tundu lake dogo, akaanza na kitambaa cha kichwani, akashuka polepole, paji la uso, mashavu, alama ya kuungua iliyo shingoni, mikono yenye matundu ya sindano. Mke hakujificha uso. Chai ilichemka, ikafurika, ikaanza kuzima moto jikoni, na hakuondoka pale mlangoni.